Kiapo Hakichorwi: Mbinu za Kuonyesha Uaminifu katika Katuni ya Vita ya Ukambani

Mchoraji chipukizi wa Mutomo au wa Wote akipata wazo la kitabu cha katuni kuhusu vita, karatasi ya kwanza hujaa bunduki. Ya pili hujaa moshi. Akifika ya tatu, wahusika wake wameshaanza kuhutubiana: sitakusaliti, ndugu yangu, hadi kufa kwangu! Hapo hadithi inakata pumzi, kwa sababu msomaji hajaona lolote la kumfanya ayaamini maneno hayo. Uaminifu hauna umbo wala rangi. Mtu mwaminifu akisimama bega kwa bega na msaliti, wote wawili wana macho mawili na pua moja.

Dawa yake ni kuuchora mara mbili. Tukio la kwanza linaweka ahadi. La pili linapangwa kwa umbo lile lile, lakini kitu kimoja kimebadilika, na badiliko hilo ndilo linalosema ahadi imefikia wapi. Anayelinganisha ni msomaji mwenyewe, na mtu hasahau kirahisi jambo alilolivumbua kwa macho yake. Wakubwa wa fani hii wanaijua mbinu hiyo. Toleo la tano la Watchmen, la Alan Moore na Dave Gibbons, lilitoka 1986 likiwa limepangwa kama kioo: mpangilio wa ukurasa wa kwanza unajibiwa na wa mwisho, wa pili na wa kabla ya mwisho, hadi kurasa mbili za katikati. Nairobi nayo ilikuwa na mfululizo wa katuni wa Pichadithi miaka ya 1980, chini ya Terry Hirst, na mkono wa Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kuchora kwetu hadi alipofariki 2012. Visa vya jadi viliingia katika visanduku bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kitui na Makueni hazina upungufu wa matukio pacha. Yapo tayari katika historia, na kazi yako ni kuyatambua kabla ya kuanza kubuni. Nitachambua mawili kwa kirefu na kuligusa la tatu.

Nafasi ya aliyekufa isijazwe

Mwishoni mwa 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani mwenye makao Rabai, alifika Kitui akapokewa na Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake iliijua njia ya pwani. Kivoi ndiye aliyempa habari za mlima mweupe wa kaskazini, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Mwaka 1851 akarudi, safari hii akitaka kuufikia mto Tana. Agosti akaondoka na Kivoi pamoja na watu wake, na walipoukaribia mto wakavamiwa. Wengi wakatimka. Kivoi akauawa. Krapf akaponea chupuchupu, akatangatanga peke yake, na alipowafikia tena watu wa Kivoi akakuta lawama zinamsubiri: mwenyeji wako amekufa, wewe umerudije mzima? Ikambidi atoroke usiku.

Hiki ni kisa cha uaminifu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida husimuliwa upande mmoja kwa sababu aliyeandika ni mmoja. Ukimfuata Krapf kikondoo, watu wa Kivoi watageuka kundi la wakali wanaomtisha mgeni. Lakini swali lao lina uzito. Mtu aliyekula chakula cha mwenyeji wake, akatembea chini ya ulinzi wake na kulala nyumbani kwake, anadaiwa nini siku mwenyeji anapoanguka? Usilijibu swali hilo. Lichore.

Anza na ukurasa wa 1849: njia nyembamba kati ya miti ya miiba, sisi wasomaji tuko nyuma, Kivoi yuko mbele kulia, Krapf anamfuata kushoto hatua mbili nyuma yake. Mstari wa upeo wa macho uwe mnyoofu. Sasa nenda 1851, baada ya shambulio. Njia ile ile, miiba ile ile, sisi tuko mahali pale pale. Krapf yupo kushoto, kimo kile kile. Kulia hakuna mtu.

Kosa ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya ni kumsogeza aliyebaki hadi katikati, kwa kuwa jicho la mchoraji hupenda mizani. Ukimsogeza, umemzika Kivoi mara ya pili. Mwache mgeni kwenye pembe yake, picha ibaki imeelemea upande mmoja, msomaji akerwe na utupu ule. Usiweke mwewe angani kuujaza. Usiweke maandishi. Na usichore mzimu wa Kivoi kwa mistari myepesi. Nimeiona mbinu hiyo mara nyingi mno na haijawahi kunigusa.

Kabla ya kuliacha tukio hili, angalia silaha. Katuni nyingi humvika Mkamba wa karne ya 19 shuka nyekundu, zikampa mkuki na ngao kubwa ya ngozi, kumbe hiyo ni picha ya Mmaasai kwenye kadi za watalii. Silaha ya Mkamba ilikuwa uta, yaani upinde, na mishale yenye sumu ndani ya podo, ambalo Kikamba huliita thyaka. Hili si suala la mavazi tu. Mpiganaji wa upinde hupigana kwa mbali, akijificha, kwa hiyo visanduku vyako vitahitaji kina: jani karibu na jicho, adui mdogo kule nyuma, na nafasi kubwa ya hatari katikati. Mapigano ya kukumbatiana si ya nchi hii.

Kitu kibadilishe kazi

Alama ya uaminifu huwa dhaifu inapoonyeshwa ikiwa vile vile kila mara. Pete inayong'aa ukurasa wa 3 ikang'aa tena ukurasa wa 19 imefanya nini? Imekukumbusha tu kwamba ipo. Kitu hupata maana kinapolazimishwa kufanya kazi ambayo hakikuumbiwa.

Krapf ametuachia mfano ambao hakuna mtunzi angethubutu kuubuni. Alipoufikia mto Tana akiwa peke yake na kiu, hakuwa na chombo cha kubebea maji. Akajaza kasha la ngozi la darubini yake, kisha akajaza mitutu ya bunduki na kuiziba. Ile bunduki ikawa kibuyu. Hebu fikiria ukurasa huo. Kwenye msafara, bunduki inabebwa begani kwa majivuno, Wakamba wanaitazama. Katika shambulio, kwa maelezo yake mwenyewe, hakutaka kumwaga damu ya mtu, na risasi alizopiga hazikumwokoa mwenyeji wake. Kisha mtutu ule ule uko mdomoni mwake, anakunywa. Visanduku vitatu, kitu kimoja, kazi tatu, na hukumu yote juu ya mgeni huyo imekamilika bila neno. Mwingine ataona hapo mtu mpole aliyenusurika kwa akili. Mwingine ataona bunduki iliyofaa kumnywesha mwenyewe lakini haikufaa kumlinda rafiki. Wote wawili wamesoma vizuri.

Kwa hiyo ukitafuta alama, usiulize kitu gani kinawakilisha uaminifu. Uliza vitu gani mhusika wako alikuwa navyo hasa siku hiyo, kisha uliza ni kipi kati ya hivyo kinaweza kulazimishwa kubadili kazi. Kyondo cha mama, kigoda cha mzee, kitete cha uji, mkanda wa askari. Njiwa, waridi na mbwa mwaminifu waachie wenyewe walikotoka. (Na nabii Syokimau naye apumzike kidogo. Nyoka wa utabiri wake, mrefu, atemaye moto amechorwa vya kutosha.)

Kariokor mara mbili

Mfano wa pili unahitaji tahadhari ya jiografia. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, kwa hiyo ukitafuta babu wa Kilungu, Mbooni au Nzaui kwenye kumbukumbu za zamani, mtafute chini ya jina la Machakos. Ukienda jengo la Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, ukaomba majalada ya Makueni ya 1917, utatoka mikono mitupu na utadhani watu wako hawakuwepo.

Walikuwepo. Mwaka 1917 Waingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakimfukuza kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck ndani ya Tanganyika, walikusanya wapagazi kwa nguvu katika wilaya za Kenya, chini ya usimamizi wa John Ainsworth. Machifu walipewa idadi za kujaza. Mpagazi alilipwa rupia 5 kwa mwezi, baadaye 6, akabeba mzigo wa kilo 25 hivi, akala posho ambayo mara nyingi haikuiva. Kuhara damu kuliua wengi kuliko risasi. Kambi yao Nairobi ilikuwa mahali ambapo jina la kikosi, Carrier Corps, lilinyooshwa na ndimi za watu likawa Kariokor.

Sasa ruka miaka 21. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno kuliko ardhi inavyostahimili, ikaanza kuwanyang'anya na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikingoja Athi River. Kitovu cha upinzani kilikuwa vilima vya Iveti. Julai mwaka huo zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu, sauti yao kuu, akakamatwa na kupelekwa Lamu. Kabla mwaka haujaisha, serikali ikalegeza kamba ya kunyang'anya kwa lazima.

Mahali pamoja, vizazi viwili. Mara ya kwanza Wakamba wamekaa pale kwa amri ya Mfalme. Mara ya pili wamekaa pale kumkataa. Juu ya hayo, Wakamba walikuwa wengi katika King's African Rifles (KAR) na katika polisi, na serikali ililijua hilo vizuri. Kuna uwezekano gani kwamba kijana aliyewekwa zamu pale Kariokor alikuwa na shangazi kati ya wale waliokaa chini? Historia haihitaji kukuthibitishia mtu mmoja. Imekupa hali yenyewe, na mtu ni wa kubuni.

Tubuni basi, tukijua tunabuni. Ukurasa wa 5, mwaka 1917. Foleni ya wanaume. Karani ameketi mezani. Hatumwoni uso, tunauona mgongo wake tu, na mkono wake unamkabidhi mpagazi kibati chenye namba cha kuvaa shingoni. Namba isomeke. Ukurasa wa 11, mtu yule anarudi nyumbani kwake Mbooni akiwa na vibati viwili shingoni. Usieleze cha pili ni cha nani. Kwenye kurasa za katikati tulimwona mwenzake akiugua, inatosha. Ukurasa wa 20, mwaka 1938. Foleni tena, safari hii ya watu waliokaa chini. Mtoto wa mpagazi, sasa askari polisi, amesimama mahali alipokuwa karani. Tunauona mgongo wake. Mwanamke mzee anafungua kyondo, anatoa kibati, anakiweka kwenye kiganja cha askari.

Kila kitu kinafanana ila mwelekeo wa mkono. Mwaka 1917 dola inampa mtu namba. Mwaka 1938 mtu anairudisha. Sentensi yoyote utakayoiandika juu ya kisanduku hicho itakuwa fupi kuliko picha yenyewe.

Kumbuka pia kwamba baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920, wanaume Waafrika walianza kulazimishwa kubeba kipande, karatasi ya utambulisho iliyowekwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Kwa hiyo mwaka 1938 karibu kila mwanamume katika umati wako ana kitu shingoni. Kibati cha mpagazi na kikopo cha kipande vichore kwa kimo kimoja, katikati ya kifua, na umati mzima utakuwa unaikariri alama yako bila wewe kujipinda.

Acha karatasi ikufanyie kazi

Kuna sababu ya kuchagua ukurasa wa 5 na wa 20. Kijitabu cha kurasa 24 kilichokunjwa na kupigwa pini katikati kinachapwa juu ya karatasi sita, na kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi daima zinajumlisha 25. Ukurasa wa 5 unakaa kando ya wa 20. Wa 12 unakaa na wa 13, nao ndio msomaji anaokutana nao ukunjo ukifunguka katikati. Chomoa pini, na matukio yako pacha yanatazamana kwenye karatasi moja. Msomaji wa kawaida hatachomoa pini. Lakini wewe unapochora, chora kurasa hizo mbili siku moja, kwenye meza moja, penseli kwa penseli. Ukizichora miezi mitatu mbalimbali, mkono utakuwa umebadilika na ufanano utapotea.

Ukurasa wa 5 uko kulia mwa kitabu, wa 20 uko kushoto. Itumie hali hiyo. Foleni ya 1917 isogee kuelekea kulia, upande ambao jicho la msomaji wa Kiswahili linakwenda, iwe kama inamezwa na kurasa zinazofuata. Watu wa 1938 watazame kushoto, kinyume cha usomaji. Msomaji atahisi upinzani kabla hajajua wanapinga nini.

Fedha zikiwa chache, nunua rangi moja tu juu ya nyeusi. Nyekundu ndiyo inayojipendekeza: tarbushi ya askari wa KAR, udongo wa Kitui, damu. Ikiwa kila kitu ni chekundu, hakuna kilicho chekundu. Ipe tarbushi peke yake katika nusu ya kwanza, kisha uihamishie kitu kingine katika nusu ya pili, sema ng'ombe mmoja tu kati ya kundi linaloswagwa. Hapo rangi yenyewe imehama utii.

Kithitu

Huwezi kuandika juu ya uaminifu Ukambani ukakwepa kithitu. Ni kiapo kizito kuliko vyote, na jina hilo ni pia la kitu kinachoapiwa. Anayeapa uongo huaminika kwamba atakufa, na maafa hayatamwachia yeye peke yake, yatafuata ukoo. Hata leo katika Kitui kuna mtu atakayesimama kizimbani bila wasiwasi, lakini ukimtajia kithitu atataka mazungumzo yageuke.

Ushauri wangu ni mmoja: usikichore. Kwanza, hujui kilichomo, na wanaojua hawatakuambia. Pili, heshima, kitabu chako kitafika mikononi mwa watu ambao jambo hili kwao si hadithi. Tatu, na hii ndiyo hoja ya fundi, kitu kisichoonekana kina nguvu kuliko kinachoonekana. Chora duara la atumia wa nzama, yaani wazee wa baraza. Chora umbali wanaouacha kati yao na ardhi ya katikati. Chora miguu ya anayeapa, vidole vikiwa vimejikunja kwenye vumbi. Chora mtoto anayevutwa mkono na mama yake aondoke. Katikati ya duara pakatwe na ukingo wa kisanduku.

Kisha tafuta pacha wake: kijana anaapishwa kuwa askari, uwanja umefagiwa, bendera, afisa anasoma maneno. Hapa pia ukate kitu. Kata uso wa afisa, kata bendera kwa juu, ubaki na miguu ya kijana. Mpe vidole vilivyonyooka. Msomaji ataweka miguu kando ya miguu, na atajua ni kiapo kipi kinachomtisha kijana huyu bila wewe kumnong'oneza. Tena utakuwa umejipatia silaha ya baadaye: siku viapo hivyo viwili vitakapogongana, unahitaji kuchora miguu tu.

Viputo vinasema lugha gani

Jeshini kulikuwa na Kiswahili cha aina yake, kilichokatwakatwa na amri, watu wakakiita KiKAR. Nyumbani ni Kikamba. Kwa bwana mkubwa ni Kiingereza kidogo cha kuungaunga. Mpe kila lugha ukingo wake wa kiputo: KiKAR kiputo cha pembe nne, Kikamba cha mviringo, na ushikilie kanuni hiyo kutoka ukurasa wa kwanza bila kuitangaza. Askari wetu wa Kariokor aseme ndani ya pembe nne kurasa zote, hata anapozungumza peke yake. Ukurasa wa 20, mama mzee anapomwekea kibati mkononi, atoke na neno moja ndani ya mviringo: "Mwaitu." Mwana humwita hivyo mama yake mzazi, na mtu mwenye adabu humwita hivyo mwanamke yeyote wa umri wa mama yake. Kwa hiyo hatujui kama ni mamake, na haina haja tujue. Ameshahama upande.

Adabu hii ya kuitana ichunge kila mahali. Kijana wa Kikamba wa enzi hizo hamwiti mzee kwa jina lake kavu, hata wakiwa mahandakini. Nikisoma katuni ambayo mpwa anamwita mjomba wake "Mutua" kama rafiki wa baa, naifunga.

Uaminifu kwa nani?

Wajerumani walikuwa na ngano yao ya askari mwaminifu. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, na kwao ikajengwa hadithi ya Mwafrika aliyemfuata bwana wake hadi mwisho kwa mapenzi tu. Ilifaa kuonyesha kwamba wangestahili kurudishiwa koloni. Wapagazi na askari waliotoroka kwa maelfu hawakuingia kwenye ngano. Waingereza nao wakajenga sanamu, zote za mchongaji James Alexander Stevenson: Dar es Salaam mwaka 1927, askari mmoja na singe yake, Nairobi mwaka 1928, watu watatu kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, mpagazi akiwa mmoja wao. Nenda ukazichore zote mbili ukiwa umesimama mbele yake, kwa saa moja kila moja. Utajifunza jinsi dola inavyopenda kuchora utii, na utajua mkao wa kuuepuka.

Kwa mwenye ujasiri kuna tukio la tatu. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa na manowari ya Kijapani na kuzama kwa dakika chache. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Meli za kivita za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda zilidondosha mabomu ya kina ili kuipata manowari, huku walionusurika wakielea papo hapo majini. Kisanduku cha kwanza: bandari ya Mombasa, meli ya ulinzi ikionekana kutoka sitahani, kubwa, ya kutia moyo. Cha pili: meli ile ile, kimo kile kile, ikionekana kutoka usawa wa maji. Nisingeongeza cha tatu.

Kabla ya wino, pita nyumbani. Waliopigana Burma mwaka 1944 wamekwisha karibu wote, lakini watoto wao wana miaka sabini na themanini, na masanduku ya bati bado yako chini ya vitanda Mwingi, Ikutha, Kibwezi na Mbooni. Omba kuona medali, barua, kitambulisho. Uliza aliondoka saa ngapi, alivaa nini, nani alimsindikiza hadi kituo cha Makindu au Emali. Usiulize kama alikuwa shujaa. Na michoro yako ya penseli ionyeshe kwa mzee mmoja asiyejua kusoma. Akiyatambua matukio yako pacha bila maneno, endelea. Asipoyatambua, usimlaumu mzee.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, walikufa katika Vita vya Kwanza bila kukumbukwa kwa majina, na pengine bila kukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Ukambani wamo humo. Kwa hiyo ukurasa wa 24 usiuchore. Uache kwa majina utakayoyakusanya kijijini, kwa idhini ya wenyewe, kila jina na kijiji chake, na uache mistari mitupu chini ili wasomaji wako waongeze ya kwao.